Queen na Hesabu Iliyokaribia Kuwatenganisha

Santuri ya Bohemian Rhapsody ya bendi ya Queen ilipoingia madukani Uingereza mwaka 1975, ilikaa kileleni mwa chati kwa wiki tisa. Watu walikuwa wakinunua utunzi wa mwimbaji wao, Freddie Mercury. Upande wa pili, ambao wengi hawakuugeuza, ulikuwa na wimbo wa mpiga ngoma, Roger Taylor, unaohusu mtu anayelipenda gari lake kupita kiasi. Lakini mrabaha wa mtunzi kutokana na mauzo hauulizi ni upande upi uliochezwa. Kila nakala iliyouzwa ilimwingizia Taylor sawa na Mercury, na Brian May, mpiga gitaa, ameeleza kwamba jambo hilo liliwachoma kwa miaka mingi.

Tunapozungumzia bendi za roki zilizodumu, tunapenda kusifu vipaji na urafiki. Mimi naona tutazame kwanza karatasi ya malipo. Fedha za kurekodi na za maonyesho bendi inaweza kugawana, ila za utunzi huenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa chini ya wimbo. Watu wanapanda jukwaa moja, wanalala hoteli moja, na baada ya miaka mitano mmoja ana kasri na mwenzake bado amepanga. Creedence Clearwater Revival ya Marekani ilitegemea tungo za John Fogerty karibu zote. Wenzake wakadai nafasi, kaka yake Tom akaondoka mwaka 1971, na mwaka uliofuata bendi ikafa. Tom alifariki mwaka 1990 bila ndugu hao kupatana sawasawa. Hilo hunisikitisha kila nisikiapo magitaa yao mawili yakiitikiana.

Queen walikuwa na bahati adimu: wote wanne walijua kutunga. May alitoa We Will Rock You, Taylor akatoa Radio Ga Ga, na John Deacon, mpiga besi aliyekuwa mkimya kuliko wote, akatoa Another One Bites the Dust. Hata hivyo bahati hiyo ilizaa vita vyake, maana kila albamu iligeuka uwanja wa kugombea wimbo upi utolewe kama singo.

Dawa ilipatikana mwaka 1989, katika albamu ya The Miracle. Nyimbo zote ziliandikwa kwa jina la Queen, bila kujali nani aliyezitunga. May alisema wakati huo kwamba uamuzi huo walipaswa kuufanya miaka 15 kabla. Yaani kabla ya santuri ile ya 1975! Kuanzia hapo wimbo ulipimwa kwa uzuri wake, na mwenye wazo angeweza kuliachia lichezewe na wenzake bila kuhofia tumbo lake.

Uamuzi huo ulikuja kwa wakati. Mercury, yule mtoto wa Unguja aliyezaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, alikuwa tayari anajua kwamba ana virusi vya UKIMWI. Aliendelea kuingia studio hadi mwili ulipokataa, akafariki Novemba 1991.

May na Taylor bado wanapanda jukwaani. Deacon alijitenga na muziki mwaka 1997, na hata wenzake wa bendi humwona kwa nadra. Lakini May amesema kwamba mambo makubwa ya fedha hawayaamui bila kumshirikisha.