Sensa Mbili, Mstari Mmoja

Nukta mbili zikishajulikana, mstari mnyoofu unaozipitia ni mmoja tu, na mlinganyo wake hupatikana kwa kutoa na kugawanya. Tuchukue sensa za Tanzania. Mwaka 2002 walihesabiwa watu milioni 34.4, mwaka 2012, milioni 44.9. Watu wamezidi kwa milioni 10.5 katika miaka 10; gawanya, upate 1.05. Huo ndio mteremko wa mstari: kila mwaka, nyongeza ya watu milioni 1.05. Miaka tangu 2002 tukiiita x, na idadi ya watu kwa mamilioni tukaiita y, basi y = 1.05x + 34.4. Hiyo 34.4 ni pale tulipoanzia. Weka 10 mahali pa x, utapata 44.9, nukta zote mbili zimo.

Shuleni kazi huishia hapo, mwanafunzi akapewa vema yake, ilhali hapo ndipo fikra zinapopaswa kuanza. Hesabu haikuthibitisha kwamba watu huongezeka kwa kasi ileile. Sisi ndio tuliodhani hivyo tulipochagua mstari mnyoofu, na nukta mbili haziwezi kamwe kutukanusha. Inayoweza ni nukta ya tatu. Kwa mwaka 2022 mlinganyo unatoa milioni 55.4, sensa ilihesabu 61.7. Ukiurudisha nyuma, unadai kwamba mwaka 1969 nchi haikuwa na mtu hata mmoja, na sensa ya 1967 ilikwisha kuhesabu milioni 12.3!

Yupo atakayesema basi tuachane na mistari minyoofu, maana watu huzaana, na nyongeza yenyewe hukua. Ni hoja nzito, lakini haimalizi tatizo. Tukidhani kwamba kila miaka kumi idadi huzidishwa kwa kiasi kilekile, tungetarajia milioni 58.6 mwaka 2022, bado pungufu. Mstari uliopinda nao umebeba dhana yake, na dhana hiyo nayo ilishindwa, kwa kuwa kasi ya ongezeko ilipanda kutoka asilimia 2.7 kwa mwaka hadi 3.2. Kati ya sensa na sensa, mstari mnyoofu bado unafaa: kwa 2007 unatoa karibu milioni 39.7, makadirio ya kutosha kwa anayepanga madarasa na zahanati. Kwa miaka ya mbele, nukta za 2012 na 2022 zinatupa mteremko mpya, 1.68, na sensa ijayo ndiyo itakayoupima.