Mmea wenye tumbo la maji: umwagilie lini, uuache lini

Juma hili swali limetoka Kenani. Mama mmoja amepanda ua katika kopo la mafuta mbele ya nyumba. Shina lake ni nene chini kama chupa, maua ni mekundu. Kila jioni hulimwagia kikombe cha maji. Sasa majani yamegeuka manjano na tumbo la shina limelainika. Anauliza: niongeze maji?

La, mama. Usiongeze hata tone.

Ua hilo ni waridi la jangwa. Wauza maua wa Nairobi na Mombasa huliita adeniamu. Kwao ni nchi kavu: Tsavo na Baringo huko Kenya, Somalia, hata milima ya Oman. Mvua ikinyesha huko, mmea hunywa upesi na kuweka akiba shinani na katika mizizi minene. Kiangazi kikija hudondosha majani, hutulia, huishi kwa akiba ile. Mizizi nayo inataka hewa. Udongo ukilowa kila siku, hewa hukosekana, mizizi huoza, na uozo hupanda mpaka tumboni.

Wewe uliyelima Pweto au Moba unalijua jambo hili kwa mhogo. Mhogo huweka wanga zaidi kuliko maji, lakini ukiupanda bondeni penye maji yaliyotuama, mizizi huoza kabla hujaionja. Ndiyo sababu tunainua matuta. Basi kopo lako lihesabu kuwa tuta: toboa matundu chini, changanya mchanga wa chembe kubwa na vipande vya makaa, udongo mweusi tia kidogo tu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupoteza mmea. Tumbo laini lina maana mbili. Ingiza kidole udongoni. Kama ni mkavu na ngozi ya shina imekunjamana, mmea una kiu: mwagia mpaka maji yatoke chini, halafu ngoja udongo ukauke tena. Kama udongo umelowa na shina linabonyea, lina rangi ya kahawia au linanuka, huo ni uozo. Wenye kiu na wenye kuoza wote huangusha majani, kwa hiyo usiamue kwa kuangalia majani peke yake.

Hapa kando ya Ziwa Mweru, Juni na Julai kuna baridi. Mmea uliopukutika usiupe maji, au kidogo sana. Septemba na Oktoba, joto likipanda na majani mapya yakitoka, mwagia vizuri kila udongo unapokauka. Mvua za Novemba hadi Aprili ndizo adui. Weka kopo chini ya ukingo wa paa, mahali jua linapofika lakini matone hayafiki. Na kikombe kile cha kila jioni, wewe uliyepanga foleni na bidoni, kipeleke kwenye lengalenga.

Ukikuta uozo, ng'oa mmea leo hii. Kata kwa kisu safi mpaka uone nyama nyeupe isiyo na doa, paka unga wa makaa, uache kivulini juma zima mpaka kidonda kikauke. Panda katika mchanga mkavu, na maji yasubiri siku nyingine kadhaa. Kama uozo umefika katikati ya tumbo, chukua tawi zima lililobaki, likaushe vivyo hivyo, kisha lichomeke. Litaota, ila halitakuwa na tumbo zuri kama mmea wa mbegu.

Jambo la mwisho si dogo. Utomvu wa ua hili ni sumu ya moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kukata. Vipande vilivyooza vifukie, visifikiwe na mbuzi wala watoto, na kopo lining'inize juu. Mtoto akitafuna jani au shina, usimtapishe, usimpe dawa ya nyumbani. Mpeleke kliniki mara moja, na ubebe kipande cha mmea ndani ya mfuko ili mganga akione.