Mdororo wa Uchumi na Siasa za Wanafunzi wa Vyuo

Katika madarasa ya itikadi hapa Njombe na Makambako swali moja hurudi kila mara: uchumi unapoanguka, mwanafunzi wa chuo asimame upande gani? Hapana budi tuitazame historia.

Soko la hisa la New York lilianguka mwaka 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Vijana wengi walishindwa kulipa ada. Mwaka 1935 serikali ya Rais Roosevelt iliunda chombo cha kitaifa cha vijana, kikawapa wanafunzi wa vyuo kazi za maktaba, maabara na ofisi kwa malipo ya kila mwezi. Wako wasomi wanaouita mpango huo ujamaa. Si kweli. Viwanda na mabenki vilibaki mikononi mwa wenyewe, na shabaha ilikuwa kuuokoa ubepari. Hata hivyo wanafunzi hawakulala: mwaka 1934 na 1935 maelfu walitoka madarasani kupinga vita.

Mdororo ule ule ulifika Tanganyika kwa sura nyingine. Bei ya mkonge ilianguka, ujira wa manamba ukakatwa, lakini kodi ya mkoloni ikaendelea kudaiwa. Watu wa Njombe waliokwenda kutafuta fedha ya kodi katika mashamba ya mkonge walilipia mgogoro wa hisa ambazo hawakuwahi kuziona. Chuo kikuu cha watoto wao hakikuwapo.

Baada ya Uhuru tulikipata chuo hicho, kikiendeshwa kwa jasho la mkulima. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya viongozi. Mamia walifukuzwa, wengi wakarudishwa baadaye. Tuseme wazi kwamba hoja yao ilitoka ndani ya Azimio la Arusha lenyewe, na kada asione haya kuisoma upya.

Kisha vilikuja vita vya Kagera, bei ya mafuta na madeni, na mwaka 1986 mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ardhi ya Njombe haizai mahindi ya kutosha bila mbolea. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima iliachwa, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hadi kuondolewa katikati ya miaka ya 1990, ingawa ilirudishwa baadaye. Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1992, familia zilianza kuchangia gharama za elimu ya juu. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Mzazi wa Makambako alibanwa pande mbili, shambani na chuoni, na mkono uliombana ni mmoja.

Mwanafunzi anayedai mkopo wake ana haki ya kudai. Tunapendekeza mjadala ujao wa matawi ya vyuo uanzie kwenye hesabu hii: gunia la mahindi pale Makambako linanunua mbolea kiasi gani, na linamlisha mwanafunzi siku ngapi chuoni?