Kumpima Mnenaji Mgeni Darasani

Walimu wengi hupenda kumwalika mgeni aje kunena na wanafunzi, na hilo ni jambo jema. Lakini mgeni akisha kuondoka, mara nyingi darasa huulizwa swali moja tu: "Je, amesema vizuri?" Swali hilo limefumba mambo mawili. La kwanza ni usemi, yaani sauti, matamshi, vituo na mpango wa maneno. La pili ni ujumbe, yaani yale yaliyosemwa na ukweli wake. Hapana budi mambo hayo yapimwe mbalimbali, kwani uzuri wa moja waweza kuficha upungufu wa jingine.

Tuchukue mfano wa shule ya kijijini katika nchi ya Ugogo, karibu na Dodoma. Mwalimu wa historia amemwalika mzee aeleze habari za Mtunya, njaa kuu iliyoipata nchi hiyo kati ya mwaka 1917 na 1920. Mzee mwenyewe hakuiona. Alisimuliwa na wazazi wake. Anena polepole, kwa sauti ndogo na lafudhi ya Kigogo.

Mwanafunzi mwenye haraka atampunguzia alama kwa sauti na kwa lafudhi. Hukumu hiyo si ya haki. Sauti hupimwa kwa kusikika, wala si kwa ukubwa. Aliyeketi nyuma akisikia, imetosha. Lafudhi nayo hupimwa kwa kueleweka. Zaidi ya hayo, vituo vyatakiwa kuangaliwa. Mzee akinyamaza baada ya kuwataja jamaa waliokufa, na darasa zima likanyamaza naye, basi kituo hicho kimefanya kazi ambayo maneno yasingeiweza.

Sasa tuutazame ujumbe. Mzee asema kwamba njaa ililetwa na ukosefu wa mvua. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Dodoma hupata kwa wastani mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja tu. Wagogo waliyajua hayo, wakaweka akiba ya nafaka, na ilipopungua walibadilishana mifugo kwa chakula na majirani. Lakini katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioutwaa mji wa Dodoma Julai 1916, yalichukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wengi wakatiwa katika uchukuzi wa mizigo. Mvua ilipokosa, akiba haikuwapo, na mikono ya kulima ilikuwa michache. Wanahistoria wamekadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Kijana akitoka darasani akidhani kwamba ukame peke yake ndio ulioua, atajifunza kutazama mbingu tu, wala hatauliza ni nani aliyechukua chakula.

Je, mzee asahihishwe mbele ya watoto? Hiyo si adabu, wala haina haja. Yafaa aulizwe: "Babu, kabla mvua haijakosa, ng'ombe na nafaka zilikuwa wapi?" Huenda ayajua mambo ya askari na wapagazi, ila hakuyataja kwa kuwa hakuulizwa. Marehemu Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alitunga ngonjera, ambamo wasemaji hujibizana, mmoja akiuliza na mwingine akieleza, hata maana ikatimia. Mgeni darasani naye apewe nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo hukumu itolewe baada ya maswali, wala si kabla.

Siku ya pili kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake jambo moja alilolishika na jambo moja analolitilia shaka, kisha darasa lilinganishe shaka hizo na vitabu. Yaliyoshikwa yataonyesha nguvu ya usemi. Yaliyotiliwa shaka na kuchunguzwa yataonyesha uzito wa ujumbe. Hapo mgeni atakuwa amepimwa kwa haki, na wanafunzi watakuwa wamejifunza kusikiliza.