Nyota tano, lakini muuguzi anafika kwa nani?

Wengi wetu tumezoea kuangalia nyota mbele ya kununua simu ao kuchagua hoteli. Nyota tano, tunasema: hii njo ya muzuri. Sasa tufikiri nyota hizo zikiwekwa juu ya kitu kingine kabisa: muuguzi anayekuja kutunza mgonjwa ndani ya nyumba.

Marekani walifanya hivyo. Mwaka 2015, Medicare, yaani bima ya serikali kwa watu wa miaka 65 na zaidi na kwa walemavu fulani, ilianza kutoa nyota, toka moja mpaka tano, kwa mashirika yanayotuma wauguzi nyumbani. Wanapima mambo ya kweli. Huduma ilianza kwa wakati? Mgonjwa anatembea vizuri kuliko siku ya kwanza? Anaweza kujiosha, kutoka kitandani, kupumua bila shida? Matokeo yanawekwa ku intaneti, kila familia inasoma. Mimi naona ni wazo zuri: mtu anayetafuta msaada kwa mama yake hapaswi kuchagua kama anayetembea gizani.

Lakini nyota inapima shirika. Haipimi mlango gani shirika linabisha. Mwaka 2022 jarida Health Affairs lilitoa utafiti juu ya wagonjwa hao wa nyumbani. Wagonjwa Weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini walipata mashirika yenye alama za juu mara chache kuliko Wazungu, na wenye mapato madogo vilevile mara chache kuliko wenye pesa. Tofauti haikuwa kubwa sana, alama mbili na kidogo katika mia kwa rangi, moja na kidogo kwa mapato. Kinachoshangaza ni hiki: ilionekana hata kati ya watu wanaoishi mtaa mmoja. Kwa hiyo haitoshi kusema «mashirika mazuri yako mbali». Yako karibu, na bado hayafiki kwa wote sawasawa.

Juu ya nini? Hapa nasema mawazo yangu. Kwanza, nyota zinamfaa yule anayejua kuzisoma, mwenye simu na mtoto aliyesoma wa kumpigania siku ya kutoka hopitali. Tena, kama alama zako zinapanda wakati mgonjwa anapona haraka, mgonjwa mwenye nyumba mbaya, asiye na mtu wa kumpa dawa usiku, anakuwa hatari kwa alama zako. Hakuna anayemkataa kwa sauti. Wanasema tu: «Kwa sasa hatuna nafasi.»

Turudi Lubumbashi. Hapa nyota zetu ni mdomo wa watu: «Yule infirmiye iko na mukono muzuri.» Mwenye nyumba kule Golf anapiga simu, muuguzi anakuja, analipwa kazi yake pamoja na pesa ya taksi. Mgonjwa wa mwisho wa Katuba ao Ruashi, wakati wa mvua, taksi inamwacha muuguzi ku barabara kubwa. Kinachobaki ni miguu na matope. Huduma ni ileile, sindano ni ileile, lakini bei ya kufika inapanda kadiri mtu anavyokuwa maskini. Basi wengi wanatunzwa na dada, na binti aliyeacha masomo kidogo, na reko wa mtaa, ambaye kwa kawaida hana mshahara.

Hata hivyo tusiseme kwamba Congo hatujui kupima. Kwa miaka mingi vituo vya afya katika sehemu nyingi za nchi vimelipwa kwa njia ya FBP, yaani malipo yanayofuata kazi. Wanahesabu matendo, na kutembelea familia nyumbani ni moja yao. Kisha wanatoa alama za ubora, na pesa inafuata vyote viwili. Fanya hesabu wewe mwenyewe: asubuhi moja unaweza kutembelea nyumba tano za njia moja karibu na kituo, ao nyumba moja ng'ambo ya mto. Ziara zikilipwa bei moja, utaenda wapi? Waliotunga mfumo walijua hatari hiyo, njo maana waliongeza pesa kwa vituo vya mbali na kwa matunzo ya wasio na kitu.

Kuna jaribio lililofanyika hapa kwetu Haut-Katanga kuanzia 2010, lililochunguzwa na Élise Huillery na Juliette Seban. Vituo viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vililipwa kufuatana na kazi, vingine vilipewa kiasi kisichobadilika. Wauguzi wa kundi la kwanza walijitahidi kweli. Walipunguza bei, walipanga siku nyingi zaidi za kinga. Lakini matumizi ya huduma hayakuongezeka. Sisi wasomi tunapenda kufikiri kwamba ukimsukuma muuguzi, mgonjwa atapata. Muuguzi alisukumwa, na wagonjwa hawakuongezeka.

Kwa hiyo siku mtu atakapoleta nyota kwa wauguzi wa nyumbani Lubumbashi (na atakuja, programu za simu ziko nyingi), swali la kwanza lisiwe «ana nyota ngapi?» Tuulize orodha ya nyumba ambazo hakufika, na sababu.

Kazi hiyo mwanafunzi anaweza kuianza leo. Kama unatafuta somo la TFC ao mémoire, omba ruhusa ku kituo kimoja cha afya, chukua daftari la ziara za nyumbani la miezi mitatu, bila majina ya wagonjwa. Weka kila ziara ku ramani, njia kwa njia. Halafu tembea na reko katika njia zilizobaki nyeupe, muulize nani analala huko mgonjwa.