Masisi na Walikale: Siku ya kuzaliwa ya mtoto huanza na tarehe

Huko Uswisi na Ufaransa, karibu na milima ya Alps, mzazi anaweza kupeleka watoto kusherehekea siku ya kuzaliwa kwenye kituo cha kuteleza juu ya theluji. Analipa kwa hesabu ya vichwa, anakodisha viatu na mbao za kutelezea, na keki inangoja mezani. Teritware ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, imeitwa kwa miaka mingi "Uswisi ya Kongo" kwa sababu ya vilima vyake vya kijani, ng'ombe na foromaji. Theluji haipo. Miteremko ipo, watoto wapo, na wazazi wenye hamu ya kumfurahisha mtoto wapo pia. Kinachokosekana katika nyumba nyingi ni kile kinachotangulia keki na wageni: tarehe yenyewe.

Wakaaji wengi wa Masisi na Walikale hupanga miaka kwa matukio. Huyu alizaliwa familia ikiwa mbioni, yule alizaliwa wakati wa mavuno ya maharagi. Mwingine alizaliwa "Nyiragongo ilipolipuka". Lakini volkeno hiyo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kati ya mtoto wa kwanza na wa pili kuna pengo la miaka 19: mmoja ni mtu mzima, mwingine anatimiza miaka mitano Mei 2026.

Kwa mzazi anayetaka kuandaa sikukuu, kazi ya kwanza basi ni kutafuta karatasi. Mtoto aliyezaliwa kwenye maternite huandikwa kwenye daftari la kituo cha afya, na mama hupewa karatasi. Tarehe hiyo hiyo huandikwa kwenye kadi ya chanjo, ile ambayo akina mama huibeba siku ya kupima kilo. Kwa familia iliyohama mara mbili au tatu, kadi hiyo ni mali ya kutunzwa kama pesa: ndani ya mfuko wa plastiki, mahali ambapo mkono utaifikia hata usiku. Inapopotea, daftari la kituo linaweza kusaidia, kama kituo chenyewe hakikuporwa au kuchomwa.

Kilima kinatosha

Tarehe ikijulikana, sikukuu yenyewe haihitaji mali nyingi. Katika vilima vya Masisi mchezo wa kushuka mteremko hauhitaji theluji. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo hubeba magunia ya viazi na makala kuelekea Sake na Goma, ina wadogo zake: watoto hujichongea chukudu ndogo na kushuka nazo wakipiga kelele. Palipo na migomba, ganda la mgomba hutosha kumtelezesha mtoto kwenye majani yenye unyevu. Mashindano ya kushuka, mmoja mmoja, huku mtu mzima akisimama chini ya kilima kuwapokea, yanaweza kujaza saa mbili za furaha bila kulipa hata faranga moja.

Lakini kilima cha Masisi si cha kuchagua kwa macho tu. Mapigano yaliyopita huacha maguruneti na mabomu ambayo hayakulipuka, na mtoto hujua chuma kinachong'aa kama kitu cha kuchezea. Wazazi wenye busara huchagua mteremko ambao wachungaji hupita na ng'ombe kila siku, huuliza wakaaji wa hapo kwanza, na huwaambia watoto neno moja kabla ya mchezo: ukiona kitu usichokijua, usikiguse, rudi nyuma kwa njia uliyopitia, uite mtu mkubwa.

Walikale ni habari nyingine. Teritware hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Huko mchezo wa sikukuu ni mpira kwenye uwanja wa shule, kuruka kamba, ngoma na hadithi za wazee. Mto ni wa kuangaliwa kwa uangalifu, kwa kuwa maji ya Lowa hayana mchezo na mtoto.

Kuhusu chakula, kila upande una chake. Masisi inatoa viazi, maziwa na foromaji. Walikale inatoa ndizi, mihogo na mawese. Mikate ya kukaanga na chai ya maziwa vinaweza kushika nafasi ya keki, na chupa chache za sukare zikigawanywa kwenye vikombe vidogo hutosha watoto wengi. Na ile desturi ya vijana wa mjini ya kumwagia maji mwenye siku yake nayo imefika vijijini. Kwenye baridi ya vilima vya Masisi, maji ya uvuguvugu na nguo kavu pembeni humwokoa mtoto na kikohozi.

Saa nayo ni sehemu ya maandalizi. Mvua hupenda kunyesha alasiri, na usiku si wakati wa wageni kutembea. Sikukuu inayoanza saa nne asubuhi na kumalizika saa nane mchana huwarudisha watoto wote nyumbani jua likiwa bado juu. Kumjulisha chifu wa kijiji mapema pia huzuia maswali, kwa kuwa katika maeneo haya mkusanyiko wowote unaweza kumtia mtu wasiwasi.

Zawadi isiyoliwa

Kati ya zawadi zote, kuna moja ambayo sheria ya Kongo inamwahidi kila mtoto: cheti cha kuzaliwa. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo unataka mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016, zinawapa wazazi siku 90 za kumtangaza mtoto kwenye ofisi ya eta sivili. Muda huo ukipita, mlango haufungwi, lakini njia inakuwa ndefu: mzazi hupaswa kwanza kupata hukumu ya mahakama inayothibitisha kuzaliwa kwa mtoto.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto wanne tu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano nchini ndio walioandikishwa. Kwa Masisi na Walikale, sababu moja inaonekana kwenye ramani. Ofisi za eta sivili hufuata makao ya usultani na sekta. Masisi ina nne: Bahunde, Bashali, Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale yote ina sekta mbili tu, Wanianga na Bakano. Mama aliyejifungua ndani ya msitu anaweza kutembea siku nzima au zaidi kabla ya kufika mbele ya daftari. Tena vita havikuacha ofisi wala barabara: mwanzoni mwa 2025 mapigano yalipita Masisi na Sake hadi Goma, na Machi mwaka huo yalifika Walikale-centre.

Umri ambao hauandikwi mahali popote hugeuka kuwa mabishano wakati mbaya kabisa. Sheria ya 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyefikia miaka 18, na inakataza kumwingiza kwenye jeshi au kundi lolote la silaha. Inakataza pia kumwoza. Lakini mkubwa wa kundi akisema "huyu ni mtu mzima", au mchumba akisema binti "amekwisha kukomaa", mzazi asiye na karatasi hubaki na maneno matupu.

Hata mahakama hukwama hapo. Kwenye kesi ya Thomas Lubanga wa Ituri, aliyetiwa hatiani huko La Haye tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15, umri ulibishaniwa sana, na majaji walifikia hatua ya kutazama video ili kuona ni nani alikuwa mtoto bila shaka. Walikale inajua jambo hilo kwa karibu. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi la Nduma Defence of Congo huko, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Goma mwezi Novemba 2020, na kati ya makosa yake kulikuwa na kuwaandikisha watoto.

Kwa hiyo sikukuu ndogo kwenye kilima ina kazi ambayo haionekani. Majirani kumi na watano waliokula mikate na kumwimbia mtoto aliyetimiza miaka sita wanajua sasa, wote pamoja, kwamba ana miaka sita. Siku ya kutafuta hukumu mahakamani, hao ndio mashahidi. Na mzazi mwenye mtoto mchanga ambaye siku zake 90 hazijapita anaweza kuanza maandalizi ya sikukuu ya kwanza leo: achukue karatasi ya maternite, ashike njia ya usultani au sekta yake, na amwandikishe mtoto. Mikate itakaangwa tarehe ikifika.