Kuruka bila ya ndege: raha na hatari zake

Ndugu msikilizaji, juma hili ninayo barua mkononi. Imetoka Vitongoji, mashariki ya Chake Chake, na aliyeiandika ni mama mmoja ambaye ameomba nisimtaje. Anasema mwanawe, kijana wa miaka 22, amefanya urafiki na mgeni wa Kizungu aliyekuja na mashine ya kurukia, ambayo huibeba mgongoni kama mtu aliyebeba mtungi wa gesi. Mgeni huyo amemuahidi kijana kumrusha naye siku moja asubuhi juu ya bahari. Mama anauliza: nimwache au nimkataze? Anaongeza kwamba mwenyewe hasikii tena, kutwa anatazama juu.

Kutazama juu si jambo geni Vitongoji. Uwanja wa ndege wa Pemba uko jirani, na kusi likivuma watoto hurusha tiara mpaka magharibi. Katika kizazi chetu alikuwapo mtoto mmoja aliyepanda mwembe na mwavuli wa bibi yake akajitupa. Mwavuli uligeuka ukawa kama bakuli, na mkono wa kushoto ukavunjika. Mtoto huyo ndiye anayezungumza nanyi hivi sasa. Nilichokuwa sikijui ni hesabu. Mwavuli wa kumbeba mtu mmoja hewani, kama ule anaoutumia mgeni wa Vitongoji, una ukubwa upatao mita za mraba 25, na wa watu wawili hukaribia 40. Wa bibi yangu haukufika hata mita moja.

Walionitangulia katika makosa haya ni watu wakubwa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 9, mjini Cordoba, Abbas ibn Firnas alijivika mbawa akaruka kutoka mahali pa juu, akaenda masafa ya kutosha, kisha akaanguka akaumia mgongo kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka mara nyingi mno kwa mbawa za kitambaa, na mwaka 1896 upepo ulimwangusha akafa. Hawa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wakijifunza, na hewa haina mwalimu mpole.

Kwetu Zanzibar mchezo huu una historia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alitoa hadithi ya watu watatu wanaovuka Afrika kwa puto, na mahali alipowaondoshea ni Zanzibar, ingawa mwenyewe hakupata kufika. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1962, Mwingereza Anthony Smith alilifanya kweli. Yeye na wenzake walijaza puto gesi ya haidrojeni hapo Unguja, wakaliita Jambo, wakavuka mkondo wa bahari mpaka bara, na baadaye wakaruka juu ya Ngorongoro na Serengeti.

Puto, msikilizaji, halina usukani. Huenda unakopeleka upepo, basi. Anayelirusha ana uwezo wa kupanda na kushuka tu: akitaka kupanda humwaga mchanga aliouchukua kwenye magunia, akitaka kushuka hufungua kidogo gesi itoke. Mchanga ukimalizika na chini bado kuna bahari, hapo ndipo yanapoanza maombi. Haidrojeni nayo hushika moto kwa cheche moja. Ndiyo sababu maputo ya watalii, yaliyoanza Maasai Mara mwaka 1976 na Serengeti mwaka 1989, hutumia hewa iliyopashwa moto. Hayo ni salama zaidi, lakini si salama kabisa. Huko Luxor, Misri, Februari 2013, moto ulizuka puto likiwa linatua, likapaa tena likiwaka, na katika watu 21 waliokuwamo walifariki 19.

Sasa nirudi kwa mgeni wa Vitongoji. Mashine yake ni mwavuli wa kitambaa chepesi wenye umbo la ubawa, na injini ndogo yenye pangaboi nyuma ya mgongo. Injini humsukuma mbele, na hewa inayoingia kwenye mwavuli huufanya uwe mgumu kama tanga lililojaa. Raha yake, wanasema waliopanda, haielezeki: miguu inaning'inia, unaiona miamba chini ya maji na wavuvi wanakupungia mkono. Lakini mwendo wake ni kiasi cha kilomita 40 au 50 kwa saa. Kusi likivuma kwa nguvu hiyo hiyo na yeye akaelekea kusini, husimama pale pale hewani kama ngalawa inayopigana na mkondo. Tena upepo wenye misukosuko waweza kuukunja mwavuli upande mmoja, na mwezi Septemba 2019 mtalii kutoka Canada alikufa Kilimanjaro baada ya mwavuli wake kutofunguka ipasavyo.

Kwa sababu hiyo warukaji hupenda alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mgeni huenda halijui, ila kila mvuvi wa Vitongoji analijua. Alfajiri ndiyo saa ya umande, na umande hutoka nchi kavu kwenda baharini. Injini ikizimika, mwavuli hauanguki kama jiwe. Kwa kila mita moja ya kushuka huenda mbele mita sita au saba, pakiwa hapana upepo. Aliye juu mita 100 atafika kiasi cha mita 600, na umande ukiwa mbele yake atafika pungufu. Akiwa mbali na pwani kuliko hapo, anaingia majini.

Majini ndiko wengi wanakofia, hata waogeleaji hodari. Injini ina uzito wa kilo 20 na zaidi, nayo humgeuza mtu uso chini huku mikanda imembana na kamba za mwavuli zimemzingira.

Basi, Bi mkubwa, muulize mgeni haya. Je, amesomea na kupewa cheti cha kubeba mtu wa pili, maana kujibeba mwenyewe ni elimu nyengine? Je, anao mwavuli wa akiba, na vifaa vya kuelea kwa wote wawili na kwa injini? Je, Mamlaka ya Usafiri wa Anga imempa kibali, na watu wa uwanja wa ndege wanajua saa atakayoruka, ilhali ndege hutua hapo hapo? Na kijana mwenyewe afundishwe mchangani kufungua mikanda yote akiwa amefumba macho, mara kumi, mpaka mikono izoee.

Yakipatikana yote hayo, na wakakubaliana wasiende mbali kuliko mahali wanapoweza kurudi injini ikiwa imezimika, mimi nisingemkataza. Likikosekana hata moja, abaki chini akamsaidie mgeni kukunja mwavuli. Nimemwandikia mama majibu haya kwa barua pia, kwani anasema betri za redio yake zinakaribia kwisha.